Sura ya Nne: Mtoto Mtundu

Kuna neno la Kiswahili ambalo wazazi hulitumia kushtaki na mafundi hulitumia kusifu. Mama akija shuleni akasema, "Mwalimu, huyu mwanangu ni mtundu kupita kiasi," ujue redio ya nyumbani imefunguliwa na vipande vyake havikurudi vyote. Nenda gereji umsikilize fundi akimtaja kijana wake: "Huyu dogo mtundu sana." Hapo dogo amepandishwa cheo, na kesho ataachiwa kabureta. Neno ni lilelile. Tofauti ni nani aliyepata hasara.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na kwa muda mrefu nililijua neno hilo kwa maana ya kwanza tu. Mtundu nilimkalisha mbele, karibu na meza yangu, mikono yake niione. Wenye akili walikaa nyuma kwa sababu hawakuhitaji mlinzi. Nilikuwa nimewagawa watoto kwa utulivu wao, kisha mgawanyo huo nikauita akili.

Nchi nayo ina mgawanyo wake, ulio rasmi zaidi. Anayeng'ara kwenye mtihani wa darasa la saba huchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, zile za Tabora na nyinginezo. Sina ugomvi na shule hizo. Kukumbuka, kupiga hesabu kwa kasi na kusoma swali bila kubabaika ni mambo ya maana, na mtoto anayeyaweza anastahili kusukumwa mbele. Lakini mtihani unaomchagua humuuliza jambo moja kwa njia nyingi: je, unalijua jibu ambalo aliyetunga swali tayari analo? Uvumbuzi huanza pale ambapo hakuna mwenye jibu.

Wamarekani waliteleza hapohapo kabla yetu. Mwaka 1921 Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi katika jimbo la California. Aliwapata takriban 1,500, wote wakiwa wamepasua mtihani wa akili, na maisha yao yakafuatiliwa hadi uzeeni. Wengi walifanikiwa vizuri tu: maprofesa, mawakili, madaktari. Ila miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kukosa alama walikuwemo wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alikuja kuwa mmoja wa watatu waliotunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi ya transista, kile kidude ambacho bila yake usingekuwa na simu mfukoni. Alvarez aliipata Nobeli yake mwaka 1968. Katika wale 1,500 waliofaulu mchujo, hakuipata hata mmoja.

Aliyelichimba jambo hili zaidi ni E. Paul Torrance, mtoto wa mashambani Georgia aliyekuja kuwa mwalimu, kisha mtafiti. Mwaka 1966 alichapisha majaribio yake ya kupima fikra bunifu, ambayo hayana jibu sahihi: mtoto hupewa picha ambayo haijakamilika aimalizie, au kitu cha kawaida akitafutie kazi nyingine. Torrance alikadiria kwamba ukichagua watoto wenye vipaji kwa mtihani wa akili peke yake, utawaacha nje takriban asilimia 70 ya wale walio wabunifu zaidi. Aliona pia kwamba watoto wengi wakifika darasa la nne, alama zao za ubunifu hushuka ghafla.

Kwetu darasa la nne ni mwaka wa upimaji wa kitaifa. Sisemi upimaji ndio mkosaji. Torrance aliyaona hayo kwa watoto wa Minnesota, na watoto wa umri huo huanza kujali mno macho ya wenzao, mtihani uwepo usiwepo. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha la tatu asubuhi na la tano mchana anakijua ninachokisema. La tatu mikono inarushwa juu kabla swali halijaisha. La tano wanakutazama usoni kwanza, wajue unataka nini.

Hapa nataka nisimulie habari ya Erasto Mpemba. Wengi wanaijua kama habari ya barafu. Mimi naiona ni habari ya kicheko.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, kule Lushoto, mkoa wetu huuhuu wa Tanga. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha akayaweka. Mpemba alikuwa ameshachemsha ya kwake. Kusubiri yapoe ni kupoteza nafasi, basi akayatia yakiwa moto vilevile. Walipofungua friji baada ya saa moja na nusu, ya kwake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado ni ujiuji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye aliongea na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu za kuuza Tanga mjini, akasikia kwamba wauzaji huanza na mchanganyiko wa moto makusudi, ili ugande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, akauliza tena. Safari hii mwalimu akatania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na utani ukashika: tangu siku hiyo akikosea hesabu, wenzake husema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Alichofanya baada ya hapo hunifanya niitumie habari hii kila mwaka. Siku moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi, akaingia, akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaja Mkwawa kutoa mhadhara. Ulipofika wakati wa maswali, Mpemba akasimama mbele ya wote waliomcheka akauliza tena. Wakacheka tena. Osborne naye hakuamini, na hakuficha hilo baadaye, lakini aliahidi kwamba atalijaribu, na aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaja na majibu: maji ya moto yametangulia kuganda. Akamtoa Osborne wasiwasi kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka lilete jibu linalotakiwa.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa ameshaingia chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliwaalika watu waeleze sababu, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza walipima kwa uangalifu wakasema hawakuliona jambo lenyewe. Kwangu haidhuru. Ukiwa na swali ambalo baada ya miaka 50 bado linawatoa jasho maprofesa, hata likija kuonekana ni kosa la kipimo, umewazidi wengi wetu.

Lakini mtu wa habari hii ninayemfikiria zaidi ni yule fundi wa maabara. Ni mtu makini. Amepima vizuri, ameandika alichokiona, halafu hakukiamini kwa sababu hakikufanana na jibu alilokwenda nalo. Kila mwaka ninaye darasani. Mara nyingi ndiye anayeshika namba moja.

Kwa hiyo nilipoanzisha kundi la Jumamosi, watoto 16 wa darasa la tatu hadi la sita, niliwachukua nusu kwa alama na nusu kwa mashtaka. Walimu wenzangu walinipa majina ya washtakiwa bila kufikiri mara mbili. Mmoja alikuwa amegeuza kufuli la stoo likawa linafunguka kwa njiti ya ufagio.

Siku ya kwanza niliweka mezani ndala iliyokatika mkanda. Andikeni kazi zote inazoweza kufanya. Zoezi si langu. Mwanasaikolojia J. P. Guilford, aliyewahimiza wenzake mwaka 1950 wauchunguze ubunifu, aliwapa watu tofali. Nikachagua ndala kwa sababu kila mtoto anayo iliyokatika nyumbani.

Kijana anayeongoza darasa la sita aliandika tatu kwa mwandiko mzuri, akanyoosha mkono: "Mwalimu, tuandike ngapi ili tupate zote?"

Sikuwa na jibu. Binti wa darasa la nne, ambaye kwenye matokeo ya muhula sijui kama nimewahi kulifikia jina lake bila kufunua ukurasa, alikuwa na 22. Nikafurahi mpaka niliposoma. Matairi ya gari la waya. Matairi ya gari la kopo. Matairi ya toroli la mwanasesere. Zote 22 zilikuwa matairi. Torrance alikuwa akihesabu vitu vinne: wingi wa mawazo, aina zake, upekee, na jinsi mtoto anavyolipamba wazo lake kwa maelezo. Binti huyu alikuwa na wingi wa ajabu na aina moja. Nikamuuliza, "Na isipozunguka?" Akakaa kimya kwa muda ambao zamani ningeukata kwa kumpa mwingine zamu.

"Inaelea," akasema.

Hapo ukuta ukaanguka. Boya la nyavu, kwa sababu babu yake ni mvuvi na hufanya hivyo. Kitu cha kumfundishia mtoto kuogelea. Kizibo cha mtumbwi uliotoboka. Sikuwahi kuwapa mfano wowote, lakini wiki iliyofuata niliwasimulia habari ya Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu mwaka 2018 kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndala zipatazo 30,000. Nilifanya makusudi kulitaja baada, siyo kabla. Ukitanguliza mfano mzuri, watoto wenye akili watakurudishia mfano huohuo ukiwa umepakwa rangi nyingine. Wao ni hodari wa kutambua unachokipenda.

Sheria ya kundi ilikuwa moja, na nimeikopa kwa Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa New York aliyeeneza zoezi ambalo walimu wetu huliita bungua bongo. Mawazo yakiwa yanakuja, hakuna kuhukumu. Hukumu ina wakati wake, baadaye. Kwa watoto wetu niliigeuza: kicheko kina zamu yake. Hukatazwi kucheka, unasubiri. Kumkataza mtoto kucheka ni kazi bure, lakini akisubiri dakika kumi, kicheko chenyewe mara nyingi huwa kimesahau kilichokuwa kinakichekesha. Aliyevunja sheria mara nyingi zaidi muhula ule, nakiri, ni mimi. Mtoto alipopendekeza tufuge konokono wafute ubao, nilicheka mpaka nikaketi. Ikabidi niombe radhi mbele ya watoto. Kwa mwalimu wa umri wangu hilo si jambo dogo, na nadhani ndilo lililowafungua kuliko sheria yenyewe.

Baada ya hapo kila mmoja nilimpa daftari la kero. Kazi: kwa wiki nzima, andika kila kinachokusumbua. Yaliporudi nilisoma umaskini, ukame, ajali za barabarani, ukataji miti. Tuliwafundisha insha wakatuletea insha. Hakuna mtoto wa miaka kumi anayeamka asubuhi akasumbuliwa na ukataji miti. Husumbuliwa na kandambili ya kaka yake iliyo kubwa kuliko mguu wake. Tukarudia. Nikawaambia kero iwe ndogo kiasi cha kukaa mkononi, na iwe imekupata wewe mwenyewe wiki hii. Ndipo yakaja yenye uhai: kamba ya ndoo inakata kiganja. Chaki ikifika ukubwa wa punje haishikiki. Daftari likilowa mvua kurasa zinashikana. Na hii, ambayo ilitula muhula mzima: kunguru wanaiba sabuni ya kibuyu chirizi.

Shule yetu, kama nyingi nchini, hunawia mikono kwenye kibuyu chirizi. Nguzo mbili zenye panda, mti wa kukingama, dumu la lita tano lililotobolewa kwa msumari, kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haujagusa kitu. Pembeni sabuni inaning'inia kwa uzi. Ni chombo cha akili sana, na ndiyo maana kinafaa kwa mafunzo haya: mtoto anaona kila kiungo chake na kila kiungo kinahojika. Redio ina siri zake ndani. Kibuyu chirizi hakina siri.

Bob Eberle, mwalimu wa Kimarekani, mwaka 1971 aliyachukua maswali ya kuchochea mawazo ya huyohuyo Alex Osborn, akayapanga yawe rahisi kwa watoto kukumbuka, akayapa jina la SCAMPER kutokana na herufi za kwanza za Kiingereza. Kwa Kiswahili herufi hazipangiki, basi tuliyaimba tu: Ubadili nini? Ukiunganishe na nini? Uige wapi? Ukikuze au ukipunguze? Kifanye kazi gani nyingine? Uondoe nini? Ukigeuze vipi? Nilichokiona ni kwamba maswali haya hayana uzito sawa. "Ukiunganishe na nini" huzaa takataka nyingi: kibuyu chirizi chenye redio, kibuyu chirizi chenye taa, kibuyu chirizi chenye mahali pa kuchaji simu. "Uondoe nini" ndilo linalouma. Watoto walipoambiwa waondoe kijiti cha kukanyagia, walinyamaza, kwa sababu sasa ilibidi wajue kijiti kilikuwa kinafanya kazi gani.

Swali la kugeuza lilimwangukia yule wa kufuli la stoo. Akauliza kwa nini maji yaufuate mkono, na siyo mkono uyafuate maji. Wiki iliyofuata alikuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu, imekatwa kitako na kugeuzwa kichwa chini. Kwenye kizibo alikuwa ametoboa tundu, akapitisha msumari kutoka ndani, kichwa cha msumari kikibaki upande wa maji. Ukiusukuma msumari juu kwa kiganja, kichwa kinainuka maji yanapita. Ukiuachia, kinashuka na kuziba. Tulisimama kuitazama kama watu waliokuja kuona mgeni.

Ilivuja. Akabadilisha msumari na kupanua tundu kwa pamoja, ikavuja zaidi, na hakujua kati ya hayo mawili lipi limemponza. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwachanganya. Yule namba moja wa darasa la sita, aliyekuwa amekaa majuma matatu bila kujua afanye nini na maswali yasiyo na alama, akamwambia: badilisha kitu kimoja kwa mara moja, kingine kiache. Akamchorea jedwali, msumari kushoto, tundu juu, na kwa kila jaribio wahesabu matone kwa dakika. Utundu ulikuwa kwa mmoja, utaratibu kwa mwingine. Walikata kipande cha tyubu ya baiskeli wakakivisha msumari chini ya kichwa kama wosha, matone yakapungua mpaka ikabidi wangoje ndipo wahesabu.

Kisha binti wa matairi akasema, bila ubaya wowote, "Lakini wote tutagusa msumari uleule."

Hakuna aliyecheka. Kibuyu chirizi kilibuniwa ili mikono michafu isiguse mahali pamoja, na sisi tulikuwa tumetumia majuma mawili kukirudisha kuwa bomba. Mwenye chupa aliondoka bila kuaga.

Sikumfuata kwa maneno ya kumpa moyo. Jumamosi iliyofuata, alipokuja, niliwasimulia habari ya Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekua akichunga ng'ombe wa baba yake kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wakitoka hifadhini usiku na kuua mifugo. Alijaribu moto; haukuwafukuza, bali uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu kinyago cha mtu. Usiku wa kwanza simba waligeuza, uliofuata wakakizoea wakaua. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi aligundua kwamba simba hawakuja, kwa sababu mwanga ulikuwa unatembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kidude cha indiketa cha pikipiki, na balbu za tochi zilizokufa, akafunga taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka zizi kana kwamba mtu anatembea. Betri ilichajiwa kwa paneli ya jua. Alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED huko California akasimulia, na hakuacha kueleza kwamba kabla ya hapo alikuwa ameiharibu redio mpya ya mama yake.

Watoto hawakuvutiwa na California. Walitaka kujua kuhusu kinyago. "Kwa hiyo simba alijifunza?" Ndiyo, alijifunza. Wakalijadili hilo mpaka kengele.

Kuna mambo mawili ya pembeni ambayo kila mwalimu atakutana nayo, nami nitayapita haraka. La kwanza ni wazazi kufanya kazi ya watoto. Wakenya walipoanza mtaala wa umilisi walikuta baba na mama wanakesha wakikata maboksi na kupaka rangi huku mwanafunzi amelala. Dawa yangu ni nyepesi: vitu havitoki shuleni. Mzazi mwema ni kama baba mmoja wa Bungoma, hukohuko Kenya, mwaka 2020, aliyerudi nyumbani akakuta mbao alizonunua kwa ajili ya fremu ya dirisha zimegeuzwa mashine ya kunawia mikono. Kijana wake wa miaka 9 ameifunga kwa misumari, kuna mahali pa kukanyaga kwa ajili ya sabuni na pa pili kwa ajili ya maji. Baba alikaza tu pale palipokuwa pakitikisika. Mwaka huohuo mtoto akapewa tuzo ya rais.

La pili ni swali la pesa: "Ataiuza lini?" Huwa nawaambia habari ya Frank Epperson, ambaye inasimuliwa kwamba mwaka 1905, akiwa na miaka 11, alisahau nje kikombe cha maji ya soda chenye kijiti cha kukorogea, usiku ukawa wa baridi kali, asubuhi akakuta barafu ya kijiti. Hataza yake ilitoka mwaka 1924. Subirini, nawaambia. Hawafurahi.

Tuliporudi kwenye kibuyu chirizi, tulirudi kwenye kero yenyewe, ile ya sabuni. Kunguru wetu wa pwani, hawa wa shingo ya kijivu, wanaipenda sabuni kuliko watoto. Majibu yalikuwa 31 kabla hatujaanza kuhukumu, na baada ya kuhukumu yakabaki manne. Kuifunika kwa kopo: sabuni ililowa ikayeyuka. Kuikwangua na kuitia kwenye chupa ya maji yenye tundu kizibo: ilifanya kazi mpaka povu likaziba tundu. Kuning'iniza kioo ili kunguru aogope sura yake: alikuja wa kwanza, akajitazama, akaita wenzake. La nne lilitoka kwa mwenye chupa ya msumari, aliyekuwa ameongea kidogo sana tangu siku ile. Sabuni iingie ndani ya soksi, soksi ifungwe fundo. Mkono unasugua soksi iliyolowa, povu linapita, sabuni yenyewe mdomo wa kunguru hauifikii.

Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi, mapumziko ya saa nne, nikasikia naitwa. Kunguru mmoja alikuwa juu ya mti wa kukingama. Alikuwa ameacha kudonoa soksi. Anadonoa fundo, taratibu, kwa upande mmoja kisha wa pili, mpaka soksi ikaanguka chini na wenzake wawili wakaishukia.

Mwenye soksi alikuwa amesimama karibu yangu. Nikamtazama nikiogopa nitakachokiona. Alikuwa amechuchumaa, daftari la kero gotini, anaandika. Nilisogea nikasoma juu ya bega lake: *Hajui kufungua fundo la ndani. Jaribu Jumatatu.*